Sinywi pombe, na wala siumwi

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Najua barua yangu ni ndefu, punguza utakapoona panafaa, ila lile la kamati ya harusi huko chini naomba usiliguse.

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, nina watoto, nina mikorosho ya urithi wa upande wa mama kama ilivyo kawaida yetu Wamakonde, na pombe sinywi. Basi, ni hivyo tu. Sasa msimu umeingia, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanadondoka, uraka, pombe yake, unanukia kila kona, na maswali nayo yameanza upya. Mwanamke wa huku ukikataa uraka mwezi wa kumi watu wanaanza kukuangalia tumbo. Wakiona tumbo halipo wanahamia kwenye dozi, "kwani unatumia dawa?", na wanavyouliza hilo mnajua wanamaanisha dawa zipi. Ukisema hutumii dawa yoyote basi umeokoka. Mi ni Muanglikana wa kuzaliwa, kanisa letu huku kusini lina mizizi tangu wamisionari wa UMCA walipofika Masasi mwaka 1876, na divai ya meza ya Bwana napokea kama wenzangu, kwahiyo kwa upande wa dini hakuna aliyenikataza. Majirani zangu wengi ni Waislamu, dini yao ndio imekataza moja kwa moja, lakini nisiseme sana kila mtu na Mungu wake, kilabuni ukipita jioni unawakuta wa pande zote mbili wamekaa benchi moja.

Yakishindikana hayo yote linabaki la mwisho, kiburi. "Anajiona huyo." Eti kwa sababu sikushika kikombe.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwahiyo najibu kwenye gazeti, na nakala nitabandika pale kwenye kibanda changu karibu na cherehani, mteja akiuliza namwonyesha kwa kidole mi naendelea kupiga pindo.

Kwanza niseme jambo ambalo wengi wanaokataa pombe hawalisemi. Ada yangu ya sekondari imelipwa na gongo. Sio mfano wa maneno, ni kweli kabisa, mama yangu alikuwa anapika. Baba alishaondoka zamani, mikorosho ilikuwa michache na mwaka ule wa ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukikosa hela ya salfa ya kupulizia unavuna majani, sasa mwanamke anafanyaje? Korosho zikishang'olewa mabibo yanabaki, na mabibo ni bure, yapo chini yanaoza, basi anaokota. Kwahiyo mi siwezi kuja hapa gazetini nikajifanya naiona pombe kwa mbali kama ushetani fulani. Nimeilea. Nimeikoroga. Viatu vyangu vya kwanza vya shule vilikuwa na harufu yake.

Wasioifahamu niwaeleze kidogo. Mabibo unayatwanga kwenye kinu au unayakamua, unachuja, unaweka kwenye chombo. Siku ile ile ni juisi tamu yenye ukakasi, ukinywa ulimi unakuwa mzito. Kesho yake umeshachacha, huo ndio uraka, na uraka haukai, ukipita siku mbili tatu unakuwa mkali mpaka walevi wenyewe wanakunja uso. Sasa ule uliobaki ndio unaingizwa kwenye pipa, moto chini, mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji ya baridi, na upande wa pili inadondoka tone kwa tone, gongo hiyo, wengine wanaiita nipa. Msimu ukiisha wapo wanaotumia mabibo makavu, ndio maana haikatiki mwaka mzima.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Yale ya kupooza bomba yakishapata moto lazima yabadilishwe, la sivyo mvuke unapotea hewani na mama analia hasara. Mtu wa Dar hataelewa hapa. Sisi tuko juu ya uwanda wa Makonde, maji kwetu ni shida ya miaka na miaka, bibi zetu walikuwa wanashuka mtelemko wote kwenda kutafuta chemchemi huko bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na sisi wakati ule tulikuwa tunanunua kwa dumu. Kwahiyo nilikuwa namwaga maji ya kununua, ambayo tungeweza kuoga au kupikia, ili yapooze bomba la gongo. Yale ya moto tulikuwa hatuyamwagi, tunafulia. Mpaka leo nikiona mtu amekaa na glasi yake anaisifia ilivyo safi kama maji, mi naona dumu.

Mama hakuwa mnywaji. Alikuwa anaonja kwa ncha ya ulimi anatema, alafu anamimina kwenye kijiko anawasha kiberiti, moto ukitoka wa bluu anajua mzigo umekubali. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake walimcheka nayo, kuna wateja alikuwa anawafukuza. Mtu amekuja na hela mkononi anamwambia "nenda kanunue unga kwanza, mkeo amepita hapa asubuhi kukopa chumvi". Yule mtu anaondoka kwa hasira anaenda nyumba ya pili, huko wanamuuzia. Hasara ya mama, faida ya jirani. Lakini alifanya hivyo mpaka alipoacha kazi ile.

Na kupika gongo ni kosa kisheria, tusidanganyane, sheria ya pombe ya moshi ipo tangu mwaka 1966, kwahiyo tulilala na hofu, mbwa akibweka usiku wote tunaamka. Sijaandika barua hii ili wanawake wanaopika wakamatwe. Mtu akitaka nimuunge mkono kwenye misako ya kumwaga mapipa aniambie kwanza yule mama kesho yake anakula nini na mtoto wake analipiwa na nani. Hilo nalo liwe limeeleweka maana najua kuna watakaosema mtoto wa mpika gongo leo anajifanya mtakatifu.

Sasa kwa nini sinywi?

Sababu ya kwanza ni kwamba nimekaa upande wa muuzaji, na ukikaa upande huo unaona kitu ambacho mnywaji hakioni, maana yeye jioni ile anaiishi mara moja alafu anaisahau, wewe unaiona kila siku. Kulikuwa na mzee mmoja mteja wetu, mtu mpole mno, alipigana vita ya Kagera, mchana ukikutana naye anakuulizia masomo na kukushika kichwa. Jioni akishapata kikombe cha pili anaanza hadithi ya rafiki yake waliyekuwa naye jeshini. Anaanza pale pale, anafika pale pale, analia pale pale. Mi nilikuwa na umri wa darasa la sita na ile hadithi naijua yote kwa moyo, najua hata neno gani litafuata, na yeye kila siku anaisimulia kama ndio leo ameipata. Wenzake hawamsikilizi, na wao wana zao. Nilikuwa namuonea huruma sana lakini nikawa najiuliza, huyu mzee hii pombe inamsaidia nini, mbona kila siku inamrudisha kule kule? Sikuwahi kupata jibu. Nikakua na hilo swali, na wenzangu walipoanza kuonja onja kwenye ngoma za kutoa wali, yaani watoto wanaotoka jando na unyago, mi hamu ikawa haipo kabisa. Nimeshaonja, ndio, bia nimeonja, uraka ndio usiseme. Haikunivuta.

Sababu ya pili ni mjomba. Msomaji wa kabila letu hapa ameshaelewa, ila kwa wengine niseme kwamba kwetu sisi tunaofuata ukoo wa mama, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mjomba sio ndugu tu, ndiye mwenye sauti yako. Posa inaenda kwake, kesi inaenda kwake, shamba la ukoo analiangalia yeye. Na mjomba wangu alikuwa fundi wa mikorosho hasa, anapogolea mti mpaka unapumua, anajua mti upi ubebeshwe mbegu mpya na upi uachwe, na kwenye kuongea hakuna aliyemfikia, watu walikuwa wanamfuata kutoka vijiji vya mbali awasemee kwenye posa za watoto wao. Nilimpenda kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Lakini alikuwa anakunywa, na miezi ile ya salfa, wa sita wa saba, ambayo mfuko hauna kitu na hela ya korosho bado iko maua juu ya mti, ndio kangomba wanapopita. Huku kusini kangomba kila mtu anamjua. Ni yule anayekuja na hela taslimu kabla ya msimu, ananunua korosho zako zikiwa bado hazijaiva, kwa bei ambayo mara nyingi haifiki hata nusu ya mnada, na anapima kwa bakuli lake mwenyewe. Ni haramu, serikali imepiga kelele mno, lakini anapita. Na hapiti nyumbani saa tatu asubuhi watu wamekaa na akili zao, anapita kilabuni jioni. Ananunua kikombe, anakaa, anaongea habari za mpira, ananunua cha pili, alafu ndio anatoa karatasi.

Mjomba aliuza namna hiyo. Sio mti mmoja. Msimu wa 2018 ule, nyote mnaukumbuka, wanunuzi waligoma na bei ikawa chini, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja na malori kusomba korosho maghalani, watu wanaimba barabarani, sisi tulisimama pembeni tukiangalia malori yanapita maana za kwetu zilishakuwa za mtu mwingine tangu zikiwa maua. Yule kangomba naye nasikia walimbana kwenye uhakiki, aonyeshe shamba zilikotoka hizo gunia zote, lakini kubanwa kwake hakukuturudishia hata kilo moja. Mjomba hakuongea wiki nzima. Mtu mwenye ulimi ule.

Baadaye tumbo lilianza kujaa maji, macho yakawa ya njano, hospitali wakasema ini limechoka. Sitaeleza yote. Alitoweka taratibu, na posa ya binti yangu mkubwa ilisemewa na mtu mwingine ambaye aliongea vizuri tu lakini mi nilikuwa nasikia yale ambayo mjomba angesema.

Kwahiyo nikiona watu wanasema pombe ni starehe ya mtu binafsi haimhusu mwingine, mi kidogo nakaa kimya. Kwenye ukoo unaotegemea sauti ya mtu mmoja, kikombe chake ni cha wote. Na bei zilikuja kupanda, msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, yaani hela ya kangomba na hela ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, ziliachana mbali kuliko zamani, aliyesainishwa kilabuni msimu ule alipoteza zaidi kuliko mjomba alivyopoteza.

Haya, na mwili. Mwanangu wa pili anasoma unesi, akija likizo anaongea mambo yao nami nasikiliza huku nashona. Ndiye aliyenieleza kwamba kile kiberiti cha mama kilikuwa hakipimi kitu cha maana, maana matunda kama mabibo yakichachushwa yanatoa pia methanoli kidogo, na methanoli nayo ukiiwasha inatoa moto wa bluu vile vile, huwezi kuitofautisha kwa macho. Ikizidi mwilini inageuka asidi inayoua mshipa wa jicho, ndio hizo habari za watu kunywa wakaamka hawaoni. Pombe ya kienyeji iliyopikwa uani hakuna anayeijua ina ukali kiasi gani, sio mpikaji wala mnywaji. Nilipomwambia mama hilo alinyamaza mno, alafu akasema, "nashukuru nilikuwa nawafukuza".

Lakini msikimbilie kusema basi tatizo ni gongo, bia ya kiwandani iko salama. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho unaweza kusema hakina madhara kwa afya, na kitengo chao cha utafiti wa saratani kiliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, kundi lile lile la moshi wa sigara. Haina maana zinalingana kwa ukali, maana yake ni kwamba ushahidi wa zote mbili hauna shaka. Sio gongo peke yake, ni kilevi chenyewe, kiwe kwenye chupa ya dhahabu au kwenye kata. Saratani zenyewe ni za mdomo, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana, na ya ziwa. Hiyo ya ziwa ndio imeniganda mimi, kwa sababu upande wetu wa mama ipo, mama mkubwa na mama mdogo wote imewapitia, na wanasema kwa ziwa hata unywaji mdogo unaongeza hatari. Mwaka 1988 mpaka leo! Mbona kwenye paketi ya sigara wameandika na kwenye chupa ya bia hatuambiwi habari ya ziwa?

Na hili la "utakunywa supu itatoka". Haitoki. Chupa ya nusu lita ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, na ini linaondoa kama gramu saba mpaka kumi kwa saa, kwahiyo chupa moja ni kama saa mbili mpaka tatu, na supu, kahawa, ndimu, kuoga maji ya baridi, vyote havimharakishi ini hata dakika. Mwanamke mwili wetu una maji kidogo kuliko wa mwanaume, chupa ile ile kwako inapanda juu zaidi. Bodaboda wetu wa njia ya Masasi wangelijua hilo hesabu lingekuwa lingine, mtu anakunywa nne anakula supu ya kongoro anapakia abiria.

Hela sitaki kuiongelea sana maana kila anayekataa pombe anaanza kupigia wenzake mahesabu, inaudhi. Nitasema hili tu, bia nne kwa wiki, ambazo mnywaji wa kawaida anaziona sio kunywa huko, kwa shilingi 2,000 moja ni 416,000 kwa mwaka. Mwenye kutaka kuzinywa azinywe, ni zake.

Kazi yangu je? Watu wanapata hela ya korosho mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na Januari shule zinafunguliwa, kwahiyo katikati hapo ndio ninaposhona sare mpaka usiku wa manane. Mashati, kaptula, sketi za malinda. Malinda ya sketi ya shule ukikosea la kwanza yote yanakaa upande. Mafundi wenzangu wapo wanaofanya kazi wamechangamka kidogo na wanaweza, siwasemi vibaya, mmoja wao ananizidi kukata suti. Mi siwezi. Mi napenda kujua mkono wangu uko wapi. Nadhani hata ningezaliwa sehemu ambayo hakuna uraka wala gongo bado nisingekunywa, kwa hilo tu, napenda kuwepo mimi mzima saa zote. Mume wangu anakunywa, tena mbele yangu, mbili Jumamosi anaangalia mpira anarudi, hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo. Na nilifurahi sana viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, wakati Waziri Mkuu alikuwa Kassim Majaliwa wa hapo Ruangwa jirani zetu, maana kile kipaketi mtoto wa shule alikuwa anakinunua kwa hela ya vitumbua na kinakaa mfukoni mwa sare niliyoshona mimi. Ila tusijidanganye, vichupa vidogo bado vinauzwa.

Sasa nifike kwenye kero yangu hasa, Mhariri.

Kwenye sherehe za huku asiyekunywa ni nusu mtu. Mchango wa harusi tunatoa sawa, kama kiwango ni 50,000 kwa kadi mimi natoa 50,000, sipewi punguzo. Ukifika ukumbini mwenzio anayekunywa meza yake inajaa, akimaliza anaongezewa, kamati ya vinywaji inapita na kreti inauliza "hapa mnatumia nini, mko vizuri?". Wewe wa soda umewekewa soda moja na maji madogo, ukiomba ya pili mhudumu anakuangalia kama umeomba kuku mzima. Soda moja kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba! Bei yake nayo haifiki hata nusu ya bia, kwahiyo chenji yangu inaenda wapi? Naomba wenyeviti wa kamati wajibu hilo hapa hapa gazetini.

Alafu ukiwa hunywi wewe ndio benki. Unashikishwa simu, pochi, viatu vya kisigino, vitenge vya kutunzia, watoto waliolala. Harusi fulani niliwahi kukaa na simu za watu mpaka kibegi kinaita kila upande. Sikatai, napenda na wananiamini, na ukweli ni kwamba mtu mwenye akili timamu saa saba za usiku ukumbini anasikia mambo matamu mno, siwezi kuyaandika. Lakini kama mnanipa kazi ya benki nipeni na soda ya pili.

Na kwenye ngoma za kutoa wali ni zaidi. Pale uraka unapitishwa kwa kata moja, mkono kwa mkono, ukikwepa inaonekana umewakwepa watu. Hapo nimetafuta njia yangu, nashika kata, nagusisha mdomo, nampa mwenzangu, nacheza ngoma kuwazidi wote. Wazee wameshanizoea. Bibi mmoja aliniambia "wewe umelewa miguu tu". Sawa, miguu nakubali.

Jambo linaloniuma ni kwamba tunda lenyewe lipo hapa. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Pale Naliendele nje kidogo ya Mtwara mjini kuna kituo cha utafiti cha korosho cha miaka mingi, na wamekuwa wakifundisha vikundi kutengeneza juisi na jamu ya mabibo, divai nayo kwa wanaotaka. Ukakasi unatolewa, hata nyumbani unaweza, unachanganya maji ya wanga kidogo, wa muhogo unafaa, unaacha utuame, ule ukakasi unashuka chini nao, juu unachota juisi safi unachemsha na sukari kidogo. Mama ndiye anayetengeneza siku hizi, kwa mikono ile ile, na anaonja vile vile kwa ncha ya ulimi ila hatemi. Wateja ni wachache, watu wa huku wakisikia mabibo wanasubiri kilevi, wakionja wanasema "bado haijaiva hii, tuirudie kesho". Lakini mabibo yanayooza mashamba ya Newala, Tandahimba na Masasi kila msimu ni mengi mpaka inatia uchungu.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Mtoto wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na kamati inakaa Jumapili hii baada ya ibada. Nimeomba sehemu ya bajeti ya bia igeuzwe juisi ya mabibo na soda za kutosha, wa soda nao waulizwe kama wako vizuri. Mwenyekiti kacheka mno, alafu akasema hoja ataipeleka kwenye kikao ila kwa sharti, nije na jagi waonje wote. Mama ameshaloweka. Katibu wa kamati, ambaye najua gazeti hili analisoma, aje na vikombe maana vya kwangu havitatosha.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani,
Newala, Mtwara